Mzee Gwakisa na Kona Arobaini na Nane

Tobias alipomwambia baba mkwe wake kwamba kwenye safari yao ya Ulaya mzee atakaa kiti cha nyuma na mtoto, Gwakisa aliinuka mezani. Aliosha kikombe chake, akakifuta, akakirudisha kabatini, kisha akaosha na kijiko ambacho hakikuwa kichafu. Anna, binti yake, aliuona mgongo wa baba yake umenyooka kama ubao, akajua jioni ile imeshaharibika.

"Mzee, si ati nakudharau," Tobias alisema, macho yake yakiwa bado kwenye kompyuta. "Ni mambo ya bima tu. Umri wako na hizo gari za kukodi za Ulaya haziendi pamoja. Wacha nidraivu mimi."

"Bima," Gwakisa alisema, akiwa bado amewapa mgongo. "Bima ndiyo itakata kona?"

Akapanda ngazi kwenda chumbani kwake, ghorofa ya tatu, na kila ngazi aliikanyaga ili isikike.

Gwakisa alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Tukuyu, na kwa miaka ishirini na minne aliendesha lori lenye tela kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Tunduma, akavuka na kwenda Ndola, wakati mwingine hadi Lubumbashi. Mteremko wa Kitonga aliushuka mara nyingi kuliko alivyopanda ngazi za kanisa. Alijua kona ipi inataka gia ya ngapi, na alijua majina ya madereva ambao hawakujua, wakabaki bondeni. Siku ya kustaafu kampuni ilimpa cheti kilichoandikwa kwamba hajawahi kupata ajali. Miaka tisa iliyopita Anna, ambaye alikuwa muuguzi na amekwisha kupata uraia wa Marekani, alimwita aje kuishi nao Herndon. Sasa Gwakisa aliendesha basi dogo la maegesho karibu na uwanja wa ndege wa Dulles: dakika kumi na moja kuwapeleka abiria kwenye mlango wa kuondokea, dakika kumi na moja kurudi. Basi lenyewe lilijibadilishia gia. Hakuwa na ugomvi na kazi hiyo. Kilichomuuma ni kwamba katika nyumba ile hakuna aliyekumbuka alikuwa nani kabla yake.

Na Tobias alikuwa wa kwanza kutokumbuka. Tobias alitoka Kisumu, alifanya kazi za kompyuta katika jengo la vioo dakika kumi kutoka nyumbani, hanywi, hapigi kelele, anamheshimu mkewe. Gwakisa alikuwa amemtafutia kasoro kubwa kwa miaka tisa na hakuipata, kwa hiyo akashikilia ndogo. Tangu siku ya kwanza mkwe wake alimsalimu "Habari, Mzee", mkono mbele, kama anayempokea mtu wa posta. Anna alikwisha kueleza mara elfu kwamba kule kwao Tobias watu hawakui na shikamoo mdomoni. "Amejifunza mpira wa Wamarekani na sheria zake zote," Gwakisa alijibu, "neno moja limemshinda?" Tobias naye hakuvumilia kumwona mzee akipanga upya vyombo katika mashine ya kuoshea, wala kukuta kioo cha gari kimegeuzwa, wala kusikia kila asubuhi kwamba kwetu hivi hatufanyi. Walikuwa hawaivi chungu kimoja, na nyumba yao ilikuwa nyembamba na ndefu, ya ngazi tupu, kwa hiyo walikutana kwenye ngazi mara kumi kwa siku.

Wazo la safari lilikuwa la Anna. Rafiki yake Jerotich, waliyesoma naye uuguzi, alikuwa amehamia Munich. Sebastian, mdogo wake Tobias, alikuwa anaishi Milano, na mtoto wake angebatizwa Jumapili ya mwisho ya Julai. Anna aliangalia ramani, akaona kati ya miji ile miwili imesimama milima ya Alpi. Hakuwa amechukua likizo ya maana kwa miaka saba.

"Tusipande ndege katikati," alisema. "Tukodi gari, tuendeshe siku nne. Na Baba twende naye. Amekaa hapa miaka tisa hajaona mlima."

Alisema kwa nia njema, na wiki mbili hazikupita kabla hajajuta.

Tobias alitengeneza mpango wa rangi rangi: kutoka Munich kuelekea magharibi, barabara kuu mpaka Uswisi, halafu handaki refu la San Bernardino, kulala mara moja, Milano. Gwakisa alinunua ramani ya karatasi, akaitandaza juu ya kitanda chake, akachora njia yake kwa kalamu nyekundu: Garmisch, Landeck, mpaka wa Italia, na kutoka hapo kupanda Stelvio, barabara ya kona arobaini na nane upande mmoja. Wakati wa mapumziko kazini alitazama video za barabara hiyo kwenye simu, basi lake likiwa limezimwa kando ya uzio. Kila kona ilikuwa na namba yake, na namba zilihesabika kurudi nyuma kadiri unavyopanda. Alianza kuzijua kama alivyowahi kuzijua za Kitonga.

"Mtu anakwenda kuangalia milima, halafu anapita chini yake?" aliuliza mezani. "Hiyo si safari. Hiyo ni kupita kwenye bomba."

"Mzee, kuna mtoto kwa gari."

"Mtoto ndiye anataka kuona."

Mtoto mwenyewe, Cheryl, mwenye miaka tisa, alisema kwa Kiingereza kwamba yeye anataka tu hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Anna alikata shauri: njia iwe ya Baba, dereva awe Tobias. Kila mmoja alipata nusu, na wote wawili wakakasirika kama walionyang'anywa kitu kizima. Ndipo ikaja ile jioni ya kikombe na kijiko.

Kesho yake, kati ya safari mbili za basi lake, Gwakisa alipiga simu kwa kampuni waliyoagizia gari. Aliuliza swali moja. Jioni aliketi mezani, akasubiri mpaka Anna naye akae.

"Nimepiga simu," alisema. "Umri wa mwisho ni miaka sabini na mitano. Mimi nina sitini na mitatu. Nao wamesema jambo la pili. Magari ya kujibadilishia gia hawaruhusu yaachwe Italia. Letu ni la gia za mkono."

Masikio ya Tobias yaliwaka. Gari la gia alijifunzia Kisumu, pikapu ya mjomba wake, na tangu aingie Marekani miaka kumi na minane iliyopita hakuwa amekanyaga klachi. Gwakisa alicheka, na kicheko hicho alikiacha kirefu makusudi.

"Sawa," Tobias alisema taratibu. "Si bima. Nilisema bima ndio nikuwekee heshima. Ukweli ni kwamba sitaki udraivu familia yangu. Mwezi wa pili ulirudi nyuma na basi ukagonga nguzo. Kazini walikupatia barua ya onyo. Ulidhani hatujui?"

Kicheko kilikatika. Ile barua Gwakisa alikuwa ameikunja mara nne, akaificha ndani ya Biblia. Alimtazama Anna. Anna aliangalia chini, na kwa hilo Gwakisa akajua kwamba barua imesomwa, na kwamba ni binti yake aliyeisoma kwanza.

"Mmemaliza?" Anna aliuliza. Sauti yake ilikuwa ile ya wodini. "Mtatafuta gari la gia. Jumamosi tutakwenda milimani Shenandoah, sote wanne. Tobias ataendesha kupanda na kushuka. Akiweza, yeye ndiye dereva. Asipoweza, ni Baba. Baada ya hapo sitaki kusikia sauti ya mtu."

Gari lilipatikana kwa Gichuki, fundi Mkenya aliyekuwa na gereji Wheaton: gari kuukuu la bluu, gia tano, ambalo hakuna Mmarekani aliyelitaka kwa sababu hakuna aliyejua kuliendesha. Gwakisa ndiye aliyelifuata. Gichuki alimkabidhi ufunguo huku akijipangusa mikono.

"Breki ziko poa, Mzee, lakini hii ni gari ya kitambo. Mwambie Tobias huko juu asikanyage breki kama mtu yuko kwa jam. Ashuke na gia."

"Nitamwambia," Gwakisa alisema.

Hakumwambia. Alijiambia kwamba mtu aliyemshinda kila mtu kwa akili hana haja ya kuambiwa.

Waliingia milimani kwa lango la Front Royal saa nne asubuhi, mwezi wa tano, majani mapya kila mahali. Anna alikaa mbele na mumewe, Gwakisa nyuma na Cheryl. Langoni Tobias alizima gari mara mbili, walio nyuma wakapiga honi, na Gwakisa akatazama nje ya dirisha akijizuia kutabasamu. Lakini baada ya maili kumi mkono ulianza kukumbuka. Baada ya ishirini Tobias alikuwa anabadilisha gia bila gari kushtuka, anaingia kona mapema, anatoka taratibu. Gwakisa alimwona anavyoshika usukani na roho ikamuuma, kwa sababu alikuwa anashika vizuri.

Walisimama juu kabisa kula chapati na mayai ya kuchemsha. Bonde lilikuwa chini yao, la bluu mpaka macho yanapokoma, lakini Gwakisa hakulitazama.

"Nadhani hiyo story imekwisha," Tobias alimwambia Anna, kwa sauti iliyotosha kusikika na mtu wa tatu. "Gari ni gari. Si lazima mtu akae miaka ishirini kwa lori ndio ajue."

Anna alicheka kidogo. Alikuwa amechoka, alitaka tu siku iishe kwa amani, akacheka. Gwakisa aliimeza chapati aliyokuwa nayo mdomoni, akaifunga iliyobaki kwenye karatasi, akaingia garini, akafunga mlango.

Wakaanza kushuka. Kutoka kileleni kulikuwa na maili tisa au kumi mpaka kwenye njia panda, kisha barabara inaangukia upande wa Sperryville kwa kona zilizobanana. Tobias aliweka gia ya nne, akaliacha gari literemke, na kila kona alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Gwakisa alisikiliza. Injini ilikuwa kimya mno. Alijua kimya cha namna ile.

Harufu ilimfikia mara tu walipopita njia panda, pale walipowapita waendesha baiskeli watatu waliokuwa wakipanda wakihema. Harufu ya chuma cha moto, na mpira, na kitu kama nywele zinazoungua. Walio mbele hawakuisikia, madirisha yao yalikuwa wazi na upepo ulikuwa unawapita. Yeye aliitambua kabla hajaivuta yote. Angeweza kusema maneno mawili: punguza gia.

Hakusema. Aliinama upande wa Cheryl, akalifunga dirisha lake. Mtoto alipouliza harufu ile ni ya nini, alimwambia itapita. Kisha akaushika mkanda wa mtoto, akauvuta mpaka ukamkaa sawasawa kifuani, akaukaza.

Alichotaka hakikuwa kifo cha mtu. Alitaka hofu, tena kiasi chake: pedali ilainike, Tobias atoke jasho, Anna aone. Hapo angefungua mdomo na kumwelekeza kijana yule hatua kwa hatua, kwa utulivu, na kuanzia siku hiyo pale nyumbani wangejua yeye ni nani. Alihesabu kona. Alidhani amebakiwa na nne au tano.

Alikuwa amebakiwa na moja.

"Breki!" Tobias alipiga kelele. "Haishiki! Anna, haishiki!" Mguu wake uligonga sakafu, mara moja, mara mbili, na gari halikupungua. Mbele yao barabara ilipinda kushoto, na kulia kulikuwa na uzio wa chuma na baada yake hakuna kitu.

"Gia ya tatu!" Gwakisa alinguruma, na ule utulivu aliokuwa ameuandaa ulimtoka wote. "Klachi! Tatu! Achia!" Injini ililia. "Sasa ya pili! Tia ya pili, usiogope kelele! Anna, breki ya mkono, vuta polepole, usiing'oe!"

Gari lilipiga yowe, likalalia uzio kwa ubavu, likasuguana nao kwa sauti ya bati linalochanwa. Kioo cha pembeni kiliruka. Walikwenda hivyo urefu wa uwanja wa mpira, kisha polepole, kisha taratibu zaidi, mpaka wakasimama kwenye kipande kipana cha kokoto kando ya barabara. Moshi ulipanda kutoka magurudumu yote manne.

Cheryl alikuwa ameuma mdomo, damu ikimchirizika kidevuni. Anna alitoka, akamchomoa mtoto, akamkagua kichwa, shingo, meno, mikono ikifanya kazi huku uso wake ukiwa hauna rangi. Tobias alikwenda mpaka mwisho wa kokoto, akainama, akatapika. Aliporudi alisimama karibu sana na Gwakisa.

"Umefurahi?"

"Nimewaokoa," Gwakisa alisema. "Nisingekuwepo leo mngekuwa bondeni. Gari ni gari, si ndivyo ulivyosema?"

"Wewe mzee..."

"Maliza. Sema unachotaka kusema."

"Babu alijua," Cheryl alisema. Alisema kwa Kiingereza, kwa mdomo uliovimba, kama mtoto anayetaka watu wazima waache kelele. "Alifunga dirisha langu kwa sababu ya harufu. Akanikaza mkanda."

Anna aligeuka. "Lini?"

"Kule juu. Tulipowapita watu wa baiskeli."

Anna aliwakumbuka waendesha baiskeli. Aliitazama barabara inayopanda nyuma yao, akaifuata kwa macho kona baada ya kona mpaka ilipopotea kwenye miti. Kisha akamtazama baba yake. Gwakisa alikuwa ameandaa majibu ya kumpa Tobias, mengi na makali. Chini ya macho ya binti yake aligeuka, akaenda kuinamia magurudumu yaliyokuwa bado yanafuka.

Saa tatu nzima walikaa pale wakisubiri gari la kuvuta. Tobias alikaa juu ya jiwe na Cheryl mapajani, akimpakata kama mtoto mchanga ingawa miguu yake ilifika chini. Ndani ya gari lililowarudisha Herndon dereva aliwauliza kama wanapenda muziki.

Jumapili baada ya kanisa Anna aligonga mlango wa ghorofa ya tatu. Hakukaa.

"Baba, hutakwenda."

"Nimekwisha kupata viza." Ilikuwa kweli. Pasipoti yake ya Tanzania ilikuwa imerudi wiki ile ile ikiwa na karatasi ya viza imebandikwa, baada ya alama za vidole na safari mbili za kwenda mjini.

"Najua."

"Mumeo anataka kutuua, mimi nasimamisha gari, halafu mimi ndiye mkosaji?"

"Tobias hakujua," Anna alisema. "Wewe ulijua."

Kuanzia siku hiyo Tobias hakumsalimu tena, hata kwa ile habari yake. Akimkuta kwenye ngazi alirudi alikotoka na kusubiri apite. Gwakisa alivumilia wiki tatu, akingoja mtu amwombe abaki. Mwanzoni mwa Juni alihamia Germantown, kwenye chumba cha chini katika nyumba ya Godlisten, Mtanzania mwenzake waliyefanya naye kazi Dulles. Kila asubuhi akawa anaendesha saa nzima kwenda kuendesha dakika kumi na moja. Godlisten alimuuliza ana nini na watoto wake. Alijibu kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani, na Godlisten akakubali, na jibu lile halikumpa raha aliyoitegemea.

Katikati ya Juni Anna alikuja. Alikuja na gari lile lile la bluu, likiwa na breki mpya na mlango mmoja wa rangi nyingine.

"Nifundishe gia," alisema mlangoni. Hakumwamkia.

"Mumeo je?"

"Tobias hagusi tena klachi. Anasema twende kwa ndege kutoka Munich, au tusiende kabisa. Mimi nataka kupita kule juu. Nina wiki tano."

"Na Gichuki amekupa gari?"

"Amenipa kwa sharti. Wewe usikae nyuma."

Hakusema kwa mzaha, na Gwakisa hakucheka.

Walianzia kwenye maegesho matupu ya ofisi moja Germantown. Gwakisa alikuwa mwalimu mkali na Anna mwanafunzi mwenye kinyongo. Gari lilizimika, likaruka, likalia. "Unasikiliza nini? Sikiliza injini, acha kunisikiliza mimi," alimwambia, na Anna akajibu kwamba hana haja ya kumsikiliza yeye. Hawakuzungumza juu ya kitu kingine. Wakimaliza Anna alimshusha baba yake mlangoni kwa Godlisten, akaondoka kabla mzee hajafika kwenye ngazi. Jumapili ya nne walikwenda kwenye mlima wa Sugarloaf, ulio jirani, wenye barabara nyembamba ya kupindapinda. Anna alipanda vizuri. Wakati wa kushuka aliweka gia ya pili mwenyewe bila kuambiwa, na gari likateremka kwa sauti nzito, likijishikilia.

Katikati ya mteremko aliuliza, macho mbele, "Ulikuwa unawaza nini siku ile?"

Walipita kona mbili.

"Nilitaka aogope. Kidogo tu. Nilitaka muone."

"Na Cheryl?"

"Nilimkaza mkanda."

Anna alilisogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Hilo ndilo linalonikaa kooni, Baba. Kila nikijitahidi kulimeza linarudi. Ungekuwa hukuwaza kitu, ningesema ni hasira, hasira inapofusha. Lakini ulipata muda. Ulimwangalia mwanangu, ukajua anaweza kuumia, ukamkaza mkanda, ukarudi kukaa."

Gwakisa alitaka kusema kwamba alikosea hesabu ya kona. Maneno hayo yalifika kwenye ulimi, akayasikia jinsi yatakavyosikika, akayaacha. Machozi yalimtoka, naye hakuwa mtu wa kulia, hata mkewe alipozikwa hakulia mbele ya watu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilifanya vibaya. Nilijua ninafanya vibaya na nikafanya."

Anna hakumgusa wala hakumwambia yameisha. Alingoja mpaka pumzi ya baba yake ilipotulia, akawasha gari.

"Nionyeshe namna ya kuondoka kwenye mlima bila kurudi nyuma," alisema. "Hapo bado sijapata."

Akamwonyesha. Walirudia mara sita.

Waliondoka Julai, watatu. Siku hiyo Gwakisa alikuwa zamu, akipeleka abiria kwenye mlango ule ule wa kuondokea, na kila familia iliyoshuka na masanduku aliitazama usoni. Hakuwaona. Kwa wiki mbili simu yake haikuleta picha hata moja, na hakuuliza. Jumapili ya ubatizo, usiku kwa saa za Milano, alipata ujumbe mmoja wa Anna: *Tumefika salama.* Alimsomea Godlisten mara mbili.

Agosti Anna alimwita chakula cha mchana. Aliyefungua mlango ni Tobias. Walisimama, mmoja ndani, mmoja nje, na Tobias hakusogea.

"Anna alizima mara ngapi?" Gwakisa aliuliza.

Tobias angeweza kujifanya hakuelewa. Alifikiri kidogo. "Mbili. Moja kulikuwa na basi la watalii linashuka, akangoja lipite."

"Na kushuka?"

"Gia ya pili mpaka chini, Bormio. Hakuniacha hata niongee." Mkono wake ulibaki kwenye kitasa. "Cheryl haingii gari bila kuuliza nani anadraivu. Mpaka leo. Hata ya shule."

Gwakisa aliitikia kwa kichwa. Tobias akasogea pembeni, akampa nafasi ya kupita, wala hakumfuata.

Alikula alichopewa, akaonyeshwa picha: barabara imejikunja juu ya mlima kama kamba iliyotupwa, theluji ya Julai kando yake, Anna ameegemea gari akiwa amefumba macho kwa sababu ya jua. Cheryl alikaa upande wa pili wa meza, akamjibu kila alichouliza kwa neno moja moja. Tobias alikula haraka, akasema ana kazi, akapanda juu. Saa tisa Gwakisa aliaga. Anna alimsindikiza mpaka kwenye gari lake.

"Jumapili ijayo niko zamu," Anna alisema.

"Ile nyingine?"

"Tutaona, Baba."

Alisimama kando ya barabara, mikono kifuani, mpaka baba yake alipowasha gari na kuondoka. Gwakisa aliendesha polepole katika mitaa ya Herndon, akasimama kwenye kila kibao cha kusimama hata pasipokuwa na gari jingine, kisha akashika barabara ya kurudi Germantown.